Mtandao Ulioitwa Wilondja

Kitu cha kwanza kilikuwa alama mbili. Ketsia aliziona, akazipuuza, na hapo ndipo ninaposhikwa na hasira kila nikiisimulia habari hii, kwa sababu siku ile mambo yalikuwa bado yanatengenezeka.

Alama zenyewe ni zile za WhatsApp, zinazokaa chini ya ujumbe. Moja, ujumbe umetoka kwako. Mbili, umemfikia mwenyewe. Kwa miaka minne Mama Kabibi alimtumia mwanawe Wilondja ujumbe wa sauti kila asubuhi na kila jioni, na kwa miaka minne kila ujumbe ulibaki na alama moja tu. Wilondja aliondoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mwaka 2013 na vijana wenzake kumi na mmoja, wakitafuta njia ya Afrika Kusini. Alipiga simu mara moja kutoka Msumbiji. Alisema wanaingizwa kwenye kontena la lori, watafungiwa kwa nje, na kesho yake watakuwa wameshavuka. Baada ya hapo kimya. Si yeye, si mwenzake hata mmoja. Kambi nzima ilielewa. Majirani walikuja na mikeka na kuni ili wakae matanga, na Mama Kabibi akawasimamisha mlangoni akawauliza ni nani amekufa, maana yeye hajaona maiti.

Basi kijana hakuliliwa. Mama alijinunulia simu ya kioo, akajifunza kubonyeza palipochorwa maikrofoni, akaanza kuzungumza na mwanawe.

"Mwanangu, umekula? Uko wapi? Rudi, mulango iko wazi."

Maneno yalikuwa hayo hayo, asubuhi na jioni. Ketsia, binti yake, aliyazoea kama watu wanavyozoea jogoo wa jirani.

Sasa twende Lilongwe. Mwaka 2017 Ketsia alikuwa akiishi Area 23 na mumewe Alexis, mtu wa Bukavu, mwenye kiduka cha unga na sabuni kule Chinsapo. Ketsia alishona nguo barazani. Presha ya mama ilipoanza kumwangusha ovyo, walimtoa kambini wakamleta mjini, na kwa kuwa nyumba ilikuwa na vyumba viwili tu, wakampa kijumba cha mwisho wa bustani ambamo mwenye nyumba alikuwa akiweka makaa. Kilikuwa na kuta za matofali, paa la bati, mlango wa chuma na kidirisha kimoja chenye nondo. Ketsia alikipaka chokaa, akatia kitanda na pazia, kikapendeza. Kasoro ilikuwa moja. Wi-Fi ya nyumba kubwa ilitembea mpaka katikati ya mahindi ikafia hapo.

Kwa hiyo Mama Kabibi alikuwa akitoka kwenye mvua, kitenge kichwani, simu kifuani, anapita kwenye tope la maboga mpaka chini ya paa la jikoni, anasimama pale anaongea na mwanawe. Mwezi wa pili alianza kukohoa. Mwezi wa tatu alianguka kwenye maboga na kulala hapo nusu saa kabla ya kuonekana.

"Sikia, maman," Ketsia alimwambia, huku akimsugua miguu kwa maji ya moto. "Nitakuletea rezo ya Wi-Fi mpaka kitandani. Hutatoka tena."

Na hakuwa akijigamba. Alikuwa amesoma darasa la kompyuta pale Dzaleka miezi sita, na kazi ya namna ile aliijua. Alipata sokoni rauta kuukuu, kisanduku cha kurushia mtandao, iliyokatika antena, akaiunga. Akavuta waya mita thelathini kutoka sebuleni, akaupitisha ndani ya mpira mbovu wa kumwagilia bustani ili unyevu usiule, kisha akauzika chini ya maboga kwa kina cha mkono mpaka kiwiko, jembe lisije likaukata. Kisanduku akakiweka kwenye kibao juu ya kitanda cha mama. Taa zake za kijani zikawaka. Akafungua simu yake kukipangia mambo, na kikamuuliza swali ambalo visanduku vyote huuliza: mtandao huu uitwe nani.

Ketsia alitaka kuandika jina lile lile la nyumba kubwa. Mama akamshika mkono.

"Andika Wilondja."

Ketsia alisita. Kwao, milimani huko Fizi, Congo, bibi yake aliweka mwiko mmoja ambao watoto wote waliulishwa pamoja na ugali: jina la mtu aliyepotea na asiyeliliwa haliitwi nje ya nyumba. Ndani sema utakavyo. Nje nyamaza, kwa sababu njiani kuna vitu visivyo na jina, navyo huitika jina lolote vinalosikia. Ketsia alikuwa amemsikia bibi akimchapa shangazi yake kwa kosa hilo.

"Maman, we mwenyewe unajua bibi alisema nini."

"Bibi alisema kuita. Mi siiti. Unaandika tu."

Na Ketsia akaandika. Alikuwa amechoka, mama alikuwa mgonjwa, na zilikuwa herufi tu. Lakini kuna jambo alilofundishwa darasani ambalo siku ile hakutaka kulifikiria, kwamba kisanduku cha namna ile hutangaza jina lake mara kumi kwa kila sekunde, mchana na usiku, bila kuchoka, ili simu zote zilizo karibu zilisikie. Bibi alikataza jina lisiitwe hata mara moja.

Jioni ile Mama Kabibi alituma ujumbe wake akiwa amelala, blanketi mpaka kidevuni. Alama moja. Ketsia aliinama kumbusu, na akiwa ameinama hivyo akaona alama ya pili ikitokea.

"Nambari imepewa muntu mwengine," Alexis alisema walipokuwa wanakula. "Batu ya kampuni njo banafanya hivyo. Kuko bwana fulani kule Durban anasikiliza maman ya wengine na hajui afanye aje. Mumuache."

Ketsia aliipiga nambari. Sauti ya mwanamke ikamwambia haipatikani. Akatazama picha ya mwenye nambari, na ilikuwa bado Wilondja, amevaa shati la mistari, ameegemea ukuta wa kanisa la Dzaleka. Muntu mwengine angeweka picha yake. Hilo hakumwambia Alexis.

Siku tatu baadaye alama ziligeuka bluu. Kuna mtu alikuwa anasikiliza.

Niseme kweli, wiki zile mbili mama alinawiri. Alikula nsima, ugali wa huku Malawi, na majani ya maboga akaomba iongezwe. Alichambua mboga uani akiimba nyimbo za kanisa. Kikohozi kikaisha. Alexis alisema hata kama ni yule bwana wa Durban, basi Mungu ambariki. Na Ketsia, ambaye kitu kimoja tu alikitaka duniani, yaani mama yake akae hai na mzima mbele ya macho yake, alijiambia asichokonoe.

Halafu ikaja harufu.

Ilikuwa saa sita mchana, jua limesimama, naye alikuwa anampelekea mama maji ya kunywa. Alipofika kwenye maboga pua yake ikakutana na dizeli. Akafikiri ni lori barabarani. Akasogea, na chini ya dizeli kulikuwa na turubai lililochomwa na jua, na chini ya turubai kulikuwa na jasho, jasho la watu wengi waliokaa pamoja bila hewa, lile ambalo mtu akishalisikia hawezi kusema ni la mnyama. Mlango wa mama ulikuwa wazi. Mama alikuwa amelala usingizi, uso umetulia. Kutoka nyuma ya mlango ule, kwa chini, karibu na bawaba, ikasikika ngo, ngo, ngo.

Bati hulia likipata joto, kila mtu anajua. Lakini bati hulia juu. Hii ilikuwa chini, kwenye chuma cha mlango, na ilikuwa ya vifundo vya vidole, taratibu, mkono mmoja, kisha wa pili, kisha mingi, kama watu wanaobisha wakiwa wameshakata tamaa ya kusikiwa ila mikono yao haijapewa habari. Ketsia aliuvuta mlango. Nyuma yake palikuwa ukuta mweupe alioupaka chokaa kwa mikono yake. Aliweka kiganja kwenye chuma na akakitoa haraka, maana kilikuwa kinaunguza.

"Nani anabisha, maman?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mama alifumbua macho. "Ni yeye. Jana amejibu. Sikuwambia, mulikuwa mutasema mi ni mwenda wazimu."

Akaifungua simu akamwekea. Ujumbe ulikuwa wa sekunde kumi na moja. Saba za kwanza zilikuwa pumzi, fupi fupi, za mtu anayevuta hewa isiyokuwepo. Kisha sauti ya Wilondja, ile ile nene yenye mkwaruzo aliyorithi kwa baba yao.

"Umekula? Uko wapi? Mulango iko wazi?"

Ketsia alijua mara moja kilichomtisha, kabla hata ya kukipanga kichwani. Hayakuwa maneno ya Wilondja. Yalikuwa ya mama, yale ya miaka minne, yamerudishwa kama yalivyo, isipokuwa la mwisho limegeuzwa kuwa swali.

"Na we ulimujibu nini?"

"Nilimwambia iko wazi. Njo maana sifungi."

Alasiri ile umeme ulikatika mji mzima, kama ulivyokuwa ukikatika karibu kila siku mwaka ule, na Ketsia alishukuru. Rauta ya sebuleni ilikufa. Kisanduku cha mama kilikufa, taa zake zote nyeusi. Akasimama katikati ya bustani, akatoa simu yake kuhakikisha. Mtaa mzima haukuwa na mtandao hata mmoja, isipokuwa WILONDJA, umejaa mistari yote.

Akaenda, akachomoa kisanduku, akakitoa nje. WILONDJA. Akashika jembe akafukua waya kutoka upande mmoja wa bustani mpaka mwingine, akang'oa na maboga yake machanga bila kujali, akaukata vipande vipande kwa mkasi wake wa kushonea, mkasi ambao hakumruhusu mtu kukatia hata karatasi, kisha akaubeba mzigo mzima pamoja na kisanduku na kuutupa kwenye shimo la choo, na alipoitazama simu akiwa amepiga magoti pale penye inzi, mikono imejaa udongo, jina lilikuwa bado pale pale na mistari yake yote. Akamnyang'anya mama simu. Mama hakugomba. Aligeukia ukuta, akaacha kula, akaacha kunywa, na siku ya tatu macho yake yalipoanza kuzama Ketsia mwenyewe alimrudishia huku akilia.

Ndipo Alexis akaenda Dzaleka kumleta Pasteur Sinzinkayo, Mrundi mmoja mwenye huruma, anayejulikana kambini kwa maombi ya kufungua watu. Alexis alitangulia Lumbadzi, penye barabara kuu, akamngoja pasteur, ambaye mwenye baiskeli alichelewa kumleta, wakapanda minibasi pamoja, na saa tisa walikuwa wamefika, jasho tupu. Pasteur hakutaka chai. Alikumbatia Biblia kifuani akaingia kwenye kijumba, Ketsia nyuma yake, Alexis mlangoni.

Sasa, wale wa maombi ya namna ile wana utaratibu wao. Pepo huulizwa jina, na likishajulikana huitwa kwalo na kuamriwa. Jina lilikuwa linajulikana.

"We unayejiita Wilondja," pasteur alisema, "nakuamuru kwa jina la Yesu. Wilondja, toka. Wilondja, achia huyu mama. Toka, Wilondja."

Sauti yake ilipanda. Na kila alipolitaja jina, Ketsia aliona kitu ambacho wengine hawakukiona kwa kuwa walikuwa wamefumba macho. Chokaa ya ukutani ilikuwa ikilowa. Harufu ya dizeli ilizidi mpaka ikawasha koo. Alimkumbuka bibi na fimbo yake, akatamani kumshika pasteur mkono amwambie baba, nyamaza, unalilisha, lakini utamkatizaje mtumishi wa Mungu katikati ya maombi, wewe mshona nguo, mwenye kosa lenyewe. Pasteur aliita jina lile saa nzima, na dirishani, na mlangoni, na nje kwenye bustani akizunguka kijumba mara saba, mpaka sauti ikamkauka, na mwishowe akaketi kwenye udongo akatapika maji meusi yanayonuka mafuta.

"Haitoki," alisema akijifuta mdomo. "Kila nikiita inakaribia. Mi sijawahi ona hii."

Aliondoka kabla ya jua kuzama. Jioni hiyo hiyo Alexis, aliyekuwa amekimbilia dukani baada ya maombi, alirudi kutoka Chinsapo uso umekuwa wa majivu, akakaa jikoni bila kuvua viatu.

"Imenifuata duka," akanong'ona. "Chinsapo, Ketsia. Ni mbali namna gani? Nafungua simu kutafuta rezo, naona jina ya shemeji."

Kesho yake Ketsia alikwenda mwenyewe Dzaleka kwa Maman Godelive, mzee wa kwao Fizi, jamaa ya bibi yake, ambaye ndiye aliyeleta mikeka ya kwanza siku ile ya matanga yaliyokataliwa. Alimkuta anapepeta maharage. Alimweleza yote, na sehemu ya kuandika jina akaiacha mpaka mwisho. Godelive aliweka ungo chini.

"Ile kitu si Wilondja. Mutoto wenu alikufa mule ndani ya chuma, miaka ine sasa, na roho yake iko kwa Mungu. Lakini kuko bitu bisiko na jina, binatembea njiani. Munaita, munaita, siku moja kimoja kinaitika. We ulikipa jina. Mama anakipa maneno. Pasteur naye akakinenepesha."

"Tufanye nini, maman?"

"Mumulilie. Mukate shina la mugomba, urefu ya yeye, mufunge na nguo yake, muzike. Lakini mama mwenyewe njo ataanza. Atupe udongo, aseme kwa kinywa yake: mutoto wangu amekufa. Akisha sema, ile jina linakuwa ya marehemu, na kitu hakiwezi kukaa ndani ya jina ya marehemu. Akikataa, hakuna muntu atamusaidia. Hata mi."

Siku tano Ketsia alimbembeleza mama. Alimpigia magoti. Mwishowe mama alisema sawa, kwa sauti ndogo, akatoa mwenyewe chini ya godoro shati la shule la Wilondja, ambalo hakuna aliyejua kama alikuwa nalo.

Walizika Jumamosi, alasiri, pale pale palipokuwa na maboga. Godelive alikuja na wanawake wanne kutoka kambini. Alexis alichimba. Shina la mgomba lilikuwa zito na lilitoa maji, na Ketsia alipolivika shati akafunga vifungo kimoja kimoja, alilia kwa mara ya kwanza kwa ajili ya kaka yake, kilio cha kweli, na akahisi kitu kifuani kinalegea baada ya miaka minne. Wanawake waliitikia kilio. Shina likalazwa shimoni. Mama Kabibi akachukua udongo kiganjani.

"Mutoto wangu," alisema. Watu wote wakangoja. "Mutoto wangu..."

Simu ikatetemeka kwenye kitenge chake.

"Usishike," Godelive alisema. "Kabibi, tupa udongo."

Mama aliishika. Safari hii haukuwa ujumbe, ilikuwa simu kabisa, inaita, na ile picha ya shati la mistari imejaa kioo kizima. Akabonyeza, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie. Pumzi fupi fupi zikajaa bustani. Kisha, pole pole, kwa sauti ya kijana wake, "Mama. Umekula?"

Mmoja wa wale wanawake alikaa chini. Ketsia alimshika mama kiwiko, na mama akamgeukia, na uso wake haukuwa wa mtu aliyedanganywa, jambo ambalo Ketsia hajaweza kulisahau mpaka leo.

"Najua haiko yeye," mama alisema taratibu, kwa ajili ya Ketsia peke yake. "Nilijua siku ya kwanza. Mutoto yangu hakuwa anapumua hivi. Lakini nikisema amekufa, ni mi nitakuwa nimemuua, na hii sauti sitaisikia tena. Mi niko muzee, Ketsia. Acha niende na sauti."

"Maman, na mi? Mi niko hapa. Mi njo mutoto wako anayeishi."

"We umekula," mama alisema, akampapasa shavu kwa mkono wenye udongo. Akaenda.

Hakukimbia. Alivuka zile hatua chache akiwa na simu sikioni, akaingia kwenye kijumba, na mlango wa chuma ukafungwa, ule ambao kwa siku zote zile haukuwa umefungwa, na komeo likalia kwa ndani. Ndipo mbisho ukaanza, si ngo ngo ya mchana ule bali mikono mingi mno, viganja, ngumi, viwiko, chuma chote kinatetemeka kuanzia chini mpaka juu, na nyuma ya mbisho sauti za wanaume wakiomba kufunguliwa kwa Kibembe na Kirundi na Kiswahili na lugha nyingine ambazo hakuna aliyezijua, na katikati yao Ketsia alimsikia mama yake, hakupiga kelele, alikuwa anaita jina la mwanawe kwa upole kama anayemtafuta mtoto kwenye giza la chumba, na Alexis alikuwa ameshaanza kuupiga mlango kwa jembe, kwenye bawaba, kwa nguvu zake zote, ngozi ya viganja vyake ikichubuka kwenye mpini, na Ketsia alikuwa anavuta kwa kucha, mpaka ghafla mlango uliacha kutetemeka na wote wakasikia pumzi zao wenyewe.

Bawaba iliachia. Hewa ya moto ikawapiga usoni, ikapita.

Ndani hapakuwa na mtu. Nondo za kidirisha zilikuwa mahali pake, na komeo lilikuwa bado limefungwa, limeng'oka pamoja na fremu. Viatu vya mama vilikuwa sambamba kando ya kitanda. Simu ilikuwa juu ya mto, imezimika, ya moto kiasi kwamba mto ulikuwa umebadilika rangi. Na kwa ndani, upande wa chini wa ule mlango, kulikuwa na alama za kucha, mamia, nyingine zimeshashika kutu kana kwamba zina miaka.

Godelive ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema. Alimshika Ketsia mabega, akamgeuza kuelekea shimoni.

"Sasa hivi. Alexis, kata shina ya pili. Lete kitenge ya mama. Ketsia, chukua udongo useme mama yangu amekufa. Leo, kabla jua halijatua. Usifanye kama yeye."

Alexis alikata. Kitenge kikaletwa, kile cha kijani ambacho mama alikivaa kanisani. Ketsia alichukua udongo. Alijua kila kitu, hakuna aliyejua kama yeye. Alifungua kinywa, na wote pale, wanawake wanne na Godelive na mumewe, wakamngoja kama walivyomngoja mama.

"Nani amekufa?" Ketsia aliuliza. "Mi sijaona maiti."

Udongo ukamtoka kati ya vidole.

Polisi walikuja wakaandika, wakasema mzee ametoka kwa njia nyingine, wazee wenye presha hupotea. Mwenye nyumba aliwataka wahame. Alexis alifunga duka, na kabla ya Krismasi walikuwa wamerudi Dzaleka, kwenye nyumba ya matofali ya udongo yenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma, bila rauta, bila waya, bila kitu cha kutangaza jina la mtu yeyote. Ketsia alishona sare za shule. Jina la mama hakulitaja nje hata mara moja. Ndani hakuna mtu aliyemkataza.

Mwaka 2018, mwezi wa kumi, kwenye joto lile linalotangulia mvua, alikuwa jikoni anasonga nsima huku akitafuta kwenye simu mshono wa gauni aliotumiwa na mteja. Kioo kikaonyesha mitandao iliyo karibu. WILONDJA, mistari yote. Alikuwa ameshazoea kumwona huyo, hakumgusa kamwe. Lakini chini yake palikuwa na jina la pili, KABIBI, nalo lilikuwa wazi, haliombi neno la siri.

Alipunguza moto. Aliangalia jina hilo muda mrefu mpaka nsima ikaanza kushika chini ya sufuria. Mambo yote aliyoambiwa na Godelive aliyakumbuka, moja baada ya jingine, na hakuna hata moja lililokuwa na sauti ya mama yake. Simu ya mama ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, haina betri. Ketsia alilibonyeza lile jina, kisha akafungua nambari ya mama, akaweka kidole kwenye maikrofoni.

"Maman, umekula?"

Alama moja. Aliipua sufuria, akafunika, akarudi. Alama mbili.

Alexis aliingia akitoka kuoga, akaenda kufunga mlango wa nyuma kama kila jioni.

"Uache," Ketsia alisema.

Alexis aligeuka. Alimtazama mkewe, akaitazama simu mkononi mwake, na mkono wake uliokuwa kwenye komeo ukabaki hapo hapo.

"Ketsia. Unaongea na nani?"

"Uache tu wazi, Alexis. Kuko joto."

Kwenye bati la mlango, kwa chini, upande wa nje, mtu alikuwa anabisha.